Jamani, si kila kopo ni dawa ya kutu

Leo siasa naiweka kando. Nataka kugombana na watu kuhusu kopo. Ndiyo, kopo: lile la kupuliza, lenye kimrija chekundu pembeni, ambalo kila gereji kuanzia Mbinga mjini mpaka Mbamba Bay wanaliita "dabliudi", hata kama ubavuni limeandikwa jina jingine kabisa.

Nasema mapema ninachokiamini, ili asiye na muda aishie hapa. Kopo tunalolikimbilia kufungulia nati iliyoganda kwa kutu mara nyingi silo linalofaa kazi hiyo. Na hata likiwa ndilo, tunalinyima kitu linachokihitaji kuliko vyote, nacho ni muda. Na anayelipia kosa hilo si muuza duka wala fundi. Ni mkulima wa kahawa kule juu na mwenye boti kule chini ziwani.

Naanza na aibu yangu mwenyewe.

Msimu wa kahawa uliopita nilikuwa likizo nyumbani, kijijini, nje kidogo ya Mbinga mjini. Baba mdogo ana mashine ya kumenya kahawa, ile ya kuzungusha kwa mkono, na kaya nne tano za jirani huitegemea hiyohiyo. Tangu msimu uliotangulia ilikuwa imesimama ukingoni mwa banda, imefunikwa kwa mfuko mtupu wa mbolea, mvua yote ya masika ikiinyeshea ubavuni. Siku tuliyoanza kumenya ikawa inakata punje. Dawa yake inajulikana: unaongeza nafasi kati ya ngoma na bamba, na nafasi hiyo hurekebishwa kwa bolti mbili. Bolti zote mbili zilikuwa zimeganda.

Mimi, msomi wa ukoo, nilikuwa na jibu. Nikapanda bodaboda mpaka mjini, nikaingia duka moja la vipuri (silitaji, maana kosa hili si la duka moja), nikaomba dawa ya kufungulia nati. Muuzaji hakuniuliza nati ya nini, ya chuma gani, imeganda tangu lini. Akageuka, akachukua kopo, "dabliudi hiyo", nikalipa, nikarudi kifua mbele.

Fundi akapuliza mara tatu. Akangoja labda dakika moja. Akavalisha spana, akachomeka bomba kwenye mkono wa spana ili kuongeza nguvu.

"Fundi, tusingoje kidogo?" nikauliza.

"Bwana mdogo, hii dawa kali," akanijibu, akavuta.

Tak! Bolti ikakatikia ndani.

Mnaojua kahawa mmeshaelewa. Kwa wasiojua: kahawa mbivu hutakiwa kumenywa siku ileile iliyochumwa. Ikilala, utamu ulio kwenye nyama ya tunda unaanza kuchacha, uchachu unaingia kwenye punje, na mwonjaji ataugundua huko mbele hata kama wewe hukuuona. Daraja linashuka, na bei inafuata. Siku ile madebe ya kaya tatu yalilala barazani. Kesho yake tukaibeba mashine mpaka mjini, kisiki cha bolti kikatobolewa kwa drili, tukafunga bolti mpya. Gharama ya bolti ilikuwa ndogo. Gharama ya kahawa iliyolala haikuwa ndogo.

Baba mdogo hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, tungeipaka mafuta ya taa jana jioni." Basi. Nimesoma chuo kikuu, naandika gazetini, na sentensi ile moja imenizidi.

Baada ya pale nikafanya kile ambacho mwandishi anapaswa kufanya kabla ya kununua, siyo baada. Nikasoma.

Hii WD-40 tunayoiimba ilitengenezwa mwaka 1953 huko San Diego, Marekani, na kampuni ndogo iliyoitwa Rocket Chemical Company. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kukinga kutu kwenye makombora ya Atlas, kwa kuyafukuza maji juu ya bati. Jina lenyewe linasema hivyo: herufi W na D ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kuondoa maji, na 40 ni jaribio la arobaini, ndilo lililofaulu. Soma tena hapo, ndugu yangu. Kuondoa maji. Haikubuniwa kwa ajili ya kufungua nati iliyokaa nje masika mawili.

Sisemi haifai. Inafaa sana kukausha plagi iliyoingia maji, kusafisha, kulegeza nati iliyoshikana kidogo, kukinga spana zako zisishike kutu sandukuni. Lakini ushahidi mkubwa wa hoja yangu umetolewa na kampuni yenyewe: pembeni ya kopo lake la kazi zote inauza kopo jingine, maalumu kwa vitu vilivyoganda kwa kutu. Kama la kwanza lingetosha, la pili lingetengenezwa kwa ajili ya nini?

Mwaka 2007 jarida moja la mafundi wa Marekani, Machinist's Workshop, lilichapisha jaribio. Walikuwa na vyuma vilivyoshikishwa kutu kwa namna moja, wakapima nguvu ya kuvifungua kwa paundi. Bila kupaka kitu: 516. WD-40: 238. PB Blaster: 214. Liquid Wrench: 127. Kroil: 106. Na mchanganyiko wa nyumbani, nusu oili ya gia boksi ya otomatiki (ile nyekundu) na nusu asetoni (ile inayofuta rangi ya kucha): 53.

Jaribio moja si msahafu, na wengine waliojaribu baadaye hawakupata tofauti kubwa kiasi hicho. Lakini tazama mambo mawili. Kwanza, kopo la kazi zote lilisaidia, tena sana, kuliko kutopaka kitu. Kwa hiyo anayesema "hilo ni maji tu" naye anatudanganya. Pili, vilivyotengenezwa kwa ajili ya kupenya viliongoza, na kilichoshinda vyote hakikuwa na jina, kopo wala tangazo.

Kwa nini? Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili na zaidi. Kwa hiyo ndani ya nyuzi za bolti kutu inavimba na kubana kama kabari. Unachohitaji ni kimiminika chepesi cha kutosha kujivuta chenyewe kwenye mwanya mwembamba kuliko unywele, halafu kiache utelezi kikishafika. Mafuta ya taa ni mepesi, yanapenya, lakini yanakauka na utelezi wake ni mdogo. Oili nzito ina utelezi, lakini haifiki. Dawa nzuri ya kutu inaunganisha hayo mawili: kibebaji chepesi na mafuta yanayobaki. Ndiyo siri yote. Haina uchawi.

Na kimiminika hicho hakipenyi kwa dakika moja. Hapo ndipo ninapogombana na mafundi wetu vijana, ambao ni rika langu na ninawapenda. Mnapuliza, mnavuta, bolti inakatika, halafu mnamwambia mteja "ilikuwa mbovu tayari". Hapana. Mliikata ninyi.

Wiki ileile nilishuka ziwani. Siku hizi lami inafika Mbamba Bay, si safari tena ya kutoka umevaa vumbi. Ufukweni nikamkuta mzee mmoja akihangaika na injini ya boti. Nikamwamkia, nikakaa kutazama. Bolti za chuma zilikuwa zimeng'ang'ania kwenye mwili wa alumini, na mjue mchanganyiko huo ni mbaya, kwani vyuma viwili tofauti vikikutana penye maji hulana. Mzee alikuwa na chupa ya dizeli na oili nyekundu. Akasugua kwa brashi ya waya, akadondosha, akagonga kichwa cha bolti kwa nyundo ndogo, taratibu, pande zote. Akadondosha tena. Akafunika kwa kitambaa kilicholowa. Akaenda zake kula.

Nikamwambia, "Mzee, shikamoo tena, nina kopo kwenye begi."

"Marahaba. Kopo lako lina saa ngapi ndani yake?" akaniuliza.

Sikuwa na jibu. Jioni alirudi, akaikaza bolti kidogo kwanza, kama anataka kuifunga zaidi, ikalia, ndipo akaanza kuilegeza. Ile iliyogoma aliimwagia maji ya moto palepale kwenye alumini. Nilipouliza sababu akasema "inafunguka tu". Sababu ipo: alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo tundu linafunguka kabla ya bolti kunenepa. Mzee yule hakuijua kanuni, ila anaitumia kila wiki. Mimi niliisoma shule, nikafaulu mtihani, na sikuwahi kuitumia hata siku moja. Nani msomi hapo?

Nijibu hoja mbili ninazozisikia mara kwa mara.

Hoja ya kwanza: "Huku kwetu kutu ni kali kwa sababu ya ziwa." Ndugu zangu, Nyasa ni maji baridi, hayana chumvi ya bahari. Chumvi yetu inatoka kwingine, na Kiswahili kimeshatuambia: mbolea za chumvichumvi. Mfuko wa mbolea unapasuka kwenye pikapu, vumbi lake linaingia kwenye nati za bodi, unyevu unakuja, chuma kinaliwa. Na mimi niliifunika mashine ya baba mdogo kwa nini? Kwa mfuko wa mbolea! Kabla ya kutafuta dawa ya kopo, osha gari lako kwa maji mengi baada ya kubeba mbolea, na mashine ya kahawa ifunike kwa turubai safi.

Hoja ya pili: "Dabliudi inafaa kila kitu." Hapa mnatuua, si kwa mfano. Nimeona kwa macho yangu kijana wa bodaboda akipuliza kwenye breki kwa sababu zinapiga kelele. Jamani! Mbinga iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko chini ya mita 500. Safari yote ni mteremko na kona. Mafuta kwenye breki, abiria nyuma, na mama mwenye mtoto mgongoni? Kelele za breki ni ombi la kuzikagua. Cheni nayo: dawa nyepesi husafisha cheni na kuosha oili iliyokuwemo. Ukimaliza kusafisha ni lazima uweke oili ya cheni, la sivyo umeiacha uchi.

Sasa wenye maduka. Sisemi wote ni wezi. Nasema wengi wanauza wasichokijua, kwa wateja wasioweza kusoma kilichoandikwa. Makopo mengi niliyoyashika yana maelezo ya Kiingereza tu, mengine Kichina. Mkulima wa Kimatengo anayejua Kiswahili sanifu kuliko wengi wetu wa magazetini atajuaje kwamba hili ni la kulainisha, lile la kupenya, na lile la tatu ni la kusafishia breki? Tena ubavuni limeandikwa kwamba linawaka moto, na fundi analipuliza hatua mbili kutoka kwa mchomeleaji.

Halafu kuna bandia. Kopo jepesi kuliko ukubwa wake, maandishi yaliyofifia, halina namba ya toleo, ukipuliza linanuka mafuta ya taa matupu. Tukumbuke ilikotokea: mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa, lengo likiwa kuzuia uchakachuaji wa dizeli. Mchakachuaji alichofanya si kuokoka, alitafuta kazi nyingine. Mwenye mafuta ya taa akiyauza kwa jina lake anapata bei yake. Akiyaweka kwenye kopo lenye rangi ya bluu na njano anapata bei ya kopo. Kupambana na bidhaa bandia ni kazi ya Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Ubora ni kazi ya TBS. Ombi langu kwao ni moja na halina gharama kubwa: chochote cha kupuliza kinachoingia nchini kiwe na maelezo ya Kiswahili yanayosema kinafanya kazi gani, hakifanyi kazi gani, na hatari yake. Na msako usiishie Kariakoo. Mbinga nayo iko Tanzania.

Sitaki kulalamika bila kusema la kufanya. Haya ndiyo ninayoyashauri, na anayepinga aje na sababu.

Kwanza, taja kazi kabla ya kutaja jina. Mwambie muuzaji: nati imeganda kwa kutu. Kwenye kopo tafuta neno PENETRATING, yaani linalopenya. Kama halipo, hilo ni la kazi za kawaida, na wala si dhambi kulirudisha rafuni.

Pili, kama hela haitoshi, usione aibu. Dizeli na oili nyekundu ya gia boksi, au mafuta ya taa na oili kidogo, ukiipa usiku mzima, itakushinda wewe mwenye kopo na dakika moja. Ule mchanganyiko wa asetoni unafanya kazi, ila utikise kila unapotumia maana unajitenga, na usiusogeze karibu na moto wala kwenye rangi ya gari.

Tatu, sugua kutu ya juu kabla ya kuweka dawa. Dawa haipiti kwenye gamba.

Nne, gonga. Mtikisiko mdogo unafungua nyufa kwenye kutu, na dawa inaingia humo.

Tano, ngoja. Saa kadhaa, au usiku kucha, huku ukirudia. Kaza kidogo, legeza kidogo. Bolti ikiwa laini ghafla kama inazunguka kwenye siagi, simama: haifunguki hiyo, inajinyonga.

Sita, ukitaka kutumia moto, usianze na dawa. Moto kwanza, chuma kipoe, ndipo dawa.

La saba ndilo kubwa kuliko yote, na nataka kulieleza kwa hadithi ya meli.

Sisi watu wa Nyasa tunajivunia Liuli, ambako tarehe 13 Agosti 1914 mzinga wa meli ya Waingereza, Gwendolen, uliikuta meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Lakini katika vita hivyohivyo, somo la kutu liko kwenye ziwa jingine. Kule Kigoma, mwaka 1916, Wajerumani walilazimika kuizamisha wenyewe meli yao, Graf von Götzen, isiangukie mikononi mwa adui. Mafundi wake hawakuizamisha hivihivi. Waliipaka mitambo grisi nzito kwanza. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 waliikuta mitambo ikiwa bado inafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina tunalolijua wote: Liemba.

Grisi, ndugu zangu. Si kopo la kupuliza, si dawa kali. Grisi iliyopakwa siku ya mwisho ya kazi, na watu waliojua kwamba chuma kinaharibika kikiwa kimepumzika. Kama mashine iliyozamishwa ziwani iliweza kurudi, mashine ya baba mdogo iliyokaa bandani ilishindwa nini? Ilishindwa kijiko kimoja cha grisi mwezi wa kumi.

Fundi mmoja niliyemweleza haya alinijibu, "Mwandishi, mteja ana haraka, nikimwambia arudi kesho ataenda kwa mwenzangu." Hoja hiyo naiheshimu, maana ni ya tumbo. Lakini basi kosa ni letu pia sisi wateja. Tunamlipa fundi kwa kuvuta, hatumlipi kwa kungoja. Siku tutakapokubali kwamba saa sita za kuloweka bolti ni kazi kamili inayostahili malipo, mafundi wataloweka. Mpaka siku hiyo wataendelea kuvuta, nasi tutaendelea kutoboa visiki kwa drili.

Mimi nimeshaanza kulipa deni langu. Kabla sijarudi kazini tulifungua mashine yote, tukasugua, tukapaka grisi kila uzi wa bolti, tukaifunika kwa turubai. Lile kopo nilimwachia baba mdogo. Analitumia kulainishia bawaba za mlango wa stoo, na kwa kazi hiyo, nakiri, halina mpinzani.

Naomba kuwasilisha.